Kwangu Nafasi Ipo

Siku hizi kanisa letu linasikika kabla halijaonekana. Ukiwa bado unakata kona ya karakana ya matairi, vipaza sauti vimeshakufikia kifuani, na mchungaji ameshakutangazia kwamba tunakua. Analisema neno hilo kama mnadi wa mitumba, kwa sauti kubwa na bila kumtazama mtu usoni. Mabenchi yaliuzwa. Sasa kila mtu ana kiti chake cha plastiki. Akiacha kuja, kiti kinapachikwa juu ya vingine, na hakuna anayejua kwamba hayupo.

Mimi ni mzee, sina cha kupoteza, nami nasema wazi: huko si kukua. Hata lundo la taka nyuma ya soko linaongezeka kila siku, na halihitaji mchungaji. Kanisa ni nyumba ya watu, na nyumba ya watu haikui mpaka mtu mmoja asogee ili mwingine apate pa kukaa. Sikulisoma jambo hili chuoni, maana chuo sikukiona. Nililisoma katika vitabu vya kuokoteza, vingine havina jalada. Kisha nikaliona likifanyika katika chumba cha nyuma cha ghala la mkaa, na mwenye ghala alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu. Watu walimwita Mama Gunia.

Hakupewa jina hilo kwa sababu ya magunia aliyouza, ingawa alikuwa nayo mpaka darini. Alipewa kwa sababu ya gunia moja kuukuu alilokuja nalo kanisani kila Jumapili. Aliliweka kwenye ncha ya benchi la mwisho, karibu na mlango, akalikunja mara mbili na kulikalia, asije akachafua benchi. Mkaa ulikuwa umemwingia kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha, na sabuni ilikuwa imeshakata tamaa naye. Macho yake yaliharibiwa na vumbi. Alimwona mtu aliyesimama mbele kanisani kama nguo iliyoanikwa. Lakini masikio yalikuwa mazima, na ulimi ndio usiseme.

"Shemeji," aliniambia siku moja nilipochelewa ibada, "ulikuwa unapigiwa pasi suruali ukiwa ndani yake?"

Nilimjibu kwamba afadhali mimi nina suruali ya kupigiwa pasi. Ndivyo tulivyosalimiana miaka yote.

Sasa nieleze desturi yetu, maana wengi wanaokaa kwenye viti vya plastiki hawaijui. Mchungaji wetu wa zamani alikuwa mshona viatu, na bado alishona viatu hata baada ya kuwekwa wakfu. Mtu alipotaka kuingia kanisani, hakupewa kadi wala fulana. Alisimama mbele, akawageukia watu, wakamwona naye akawaona. Kisha mchungaji akauliza: "Nani ana nafasi nyumbani kwake?" Akanyamaza. Hakushawishi, hakukohoa, hakuimbisha wimbo. Alisubiri mpaka mtu aseme, "Kwangu nafasi ipo."

Aliyesema hivyo alikuwa amejifunga. Kwa mwaka mzima, kila Jumapili baada ya ibada, alikula na mgeni wake meza moja. Mgeni akiugua, alikwenda kumwona. Asipoonekana, alimtafuta. Mwaka ukiisha, siku ya ubatizo, mchungaji alimuuliza mwenye nyumba jambo moja tu: "Mmekula pamoja?" Hakuuliza kama mgeni ameacha pombe, wala kama ameshika mafundisho. Akijibiwa "tumekula," alimwingiza majini. Na neno "kwangu nafasi ipo" lilikuwa halirudishwi. Ukishalisema umelisema.

Mshona viatu alieleza kwa ufupi kila alipoulizwa. Mungu ndiye anayeleta watu, alisema, sisi kazi yetu ni kusogea. Nasi tulisogea. Hatukuwa wengi, lakini kila mtu kwenye mabenchi yale ungeweza kuonyesha nyumba iliyomzaa.

Nyumba ya Mama Gunia ilizaa kuliko zote. Alimpokea mlevi aliyelala kwenye mtaro. Alimpokea mlinzi aliyekuwa amemwibia yeye mwenyewe mkaa, akamkalisha mezani na kumwambia, "Kula, gunia zima umeshakula." Mara nyingi alijibu kabla swali halijakauka mdomoni mwa mchungaji. Wengine tuliona ni majivuno, nami nilimwambia.

"Ndiyo, ni majivuno," alisema. "Wewe unajivunia vitabu visivyo na jalada, niache na mimi nijivunie sufuria."

Katika nyumba hiyohiyo aliachwa. Kaka yangu alikuwa fundi redio. Asubuhi moja alichukua sanduku lake la vifaa, akavuka daraja kwenda kutengeneza redio ya mwanamke mmoja msusi, na redio ile ikawa haiponi. Mwanzo alirudi usiku. Baadaye alirudi Jumamosi. Mwishowe alituma mtu kuchukua nguo. Mama Gunia akazifunga zote pamoja na viatu, akaongeza na kopo la mkaa juu, akasema, "Mwambie huko anakokwenda atahitaji moto."

Tuliishi hivyo miaka, daraja katikati. Kisha kaka yangu akaugua, akauguzwa nyumbani kwa yule msusi, akafa. Hatukuambiwa kwamba anaumwa. Hatukuambiwa kwamba amekufa. Mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nilipata habari kwa muuza magazeti, na tulipofika makaburini udongo ulikuwa umeshapigwa koleo. Msusi alikuwa amesimama pembeni na kitambaa cheusi kichwani. Mama Gunia alimtazama, au alitazama upande alikoambiwa yuko, hakusema kitu. Mimi nilisema, na sijutii hata neno moja.

Mshona viatu naye alipokufa, tuliletewa mchungaji mpya. Kijana, suti ya kubana, viatu vya ncha. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alikuwa na haraka. Aliita ibada ya kwanza "uzinduzi." Alipoambiwa juu ya desturi yetu, alitikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeonyeshwa dawa ya mizizi.

"Mzee," aliniambia mlangoni, "nimesikia kuna mtu aliwahi kusimama pale mbele Jumapili hadi Jumapili bila kujibiwa, mpaka akaondoka moja kwa moja. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mlango wenu ulikuwa mwembamba mno. Watu wanakufa nje, nyinyi mnahesabu sahani."

"Na wewe utawapa nini wakishaingia?"

"Nitawapa neno."

"Neno wanalipata hata redioni, mchungaji. Na redio haidai umjue jirani yako."

Akacheka, akanishika bega. Nachukia sana kushikwa bega na mtu anayeangalia saa.

Basi ukaja mkutano wake wa hadhara, hema na jenereta, juma zima. Jumapili iliyofuata waliojitoa kwa Mungu waliletwa kanisani wote kwa pamoja, wakapangwa mstari mbele. Lakini mchungaji hakuwageuza watutazame. Aliwapanga wakitazama jukwaa, yaani wakimtazama yeye, nasi tukabaki na migongo yao. Hilo ndilo jambo dogo lililoleta balaa lote. Zamani aliyesimama alikuwa na uso.

Mchungaji aliwaombea, akawapongeza, akaanza kugawa kadi. Hapo sauti ikatoka kwenye benchi la mwisho.

"Mchungaji, hujauliza."

Watu waligeuka. Mama Gunia alikuwa amesimama, gunia lake mkononi.

"Nini, mama?"

"Swali. Hujauliza swali."

"Mama yangu," akasema kwenye maikrofoni, kwa utamu, "hawa wote niwaulizie mmoja mmoja? Si tutalala hapa?"

Watu wakacheka, hasa wale wapya.

"Ulizia mmoja tu," akasema Mama Gunia. "Nione kama unaweza kuuliza kisha ukanyamaza."

Kicheko kikabadili upande. Mchungaji akaona aibu, nadhani, akashuka jukwaani, akamshika mkono mtu wa mwisho kwenye mstari, mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani. Hakumgeuza. Akasema, "Haya, kwa heshima ya wazee wetu. Huyu hapa. Nani ana nafasi nyumbani kwa—"

"Kwangu nafasi ipo," akasema Mama Gunia, na akakaa. Alikaa kama mtu aliyeweka karata ya ushindi mezani.

Ndipo yule mwanamke alipogeuka kuona ni nani aliyemjibu. Mimi nilikuwa mbele kidogo, na macho yangu yalikuwa mazima. Alikuwa Msusi.

Nilitembea hadi benchi la mwisho, nikainama sikioni. "Shemeji, unajua umemwita nani?"

"Nani?"

"Yule wa ng'ambo ya daraja."

Nilimwona anaminya gunia magotini kana kwamba linataka kukimbia.

Nje, baada ya ibada, tulisimama karibu na pipa la maji. Mchungaji alikuwa ameshaelezwa, maana kwenye kanisa letu habari hutembea upesi kuliko sadaka. Akaja mwenyewe, na safari hii hakuangalia saa.

"Mama, pole sana. Sikujua. Hulazimiki kabisa. Nitampangia mtu mwingine, nawe hakuna atakayekulaumu."

"Umesikia?" nikasema. "Mwenyewe anakufungulia. Irudishe kauli. Ulijibu mgongo, hukujibu mtu."

Mama Gunia aligeuza uso upande wa mchungaji. "Ukinifungulia mimi leo, kesho utamfungulia nani?"

"Yeyote mwenye sababu, mama."

"Basi wote tuna sababu," akasema. "Utautoa mlango pamoja na bawaba zake."

"Si suala la mlango, shemeji," nikasema, na sauti ikanipanda. "Yule alimzika kaka yangu kama mtu asiye na kwao. Utampakulia chakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Wa kushoto unauma."

Msusi alikuwa amesimama hatua kadhaa kutoka kwetu, kadi ya mchungaji mkononi. Alikuwa mwanamke nadhifu, kola imenyooka, kucha safi. Akasema bila kusogea, "Mimi sikuomba kupelekwa kwako."

"Na mimi sikuomba uje kwangu," Mama Gunia akamjibu. "Jumapili ijayo, baada ya ibada. Unapajua, si mlituma mtu pale kuchukua suruali? Chakula kipo. Njaa uje nayo mwenyewe."

Akaondoka. Nilimfuata nikimsihi hadi mlangoni kwake. Jambo lilikuwa wazi kwetu sote wawili. Akilirudisha neno, desturi imekufa kwa mkono wa yule aliyeishika kuliko wote, na mchungaji hatahitaji hata kuifuta. Asipolirudisha, mwaka mzima atakula na mwanamke aliyemchukulia mume akiwa hai na akamficha akiwa maiti. Mimi nilichagua upande wangu. Nilimwambia desturi nyingine zitakuja, kaka sina mwingine. Akanifungia mlango.

Jumapili ya kwanza nilikwenda, maana nilikuwa nakula pale tangu zamani na sikuona kwa nini nimpishe mtu yule. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza moja, viti vitatu na kitanda nyuma ya pazia. Kiti kimoja kilikuwa na mguu mbovu uliofungwa waya. Ukikalia vibaya kinakutupa. Msusi alibisha hodi, akaingia, akasimama. Mama Gunia akamwonyesha kile kiti kwa kidevu, hakumwambia chochote juu ya mguu. Mwanamke akakaa, kiti kikalia, akashika meza asianguke.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa sahani na kijiko, vimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Umekuja na sahani?" akauliza Mama Gunia, aliyesikia mlio wake.

"Sijui zako unaziosha kwa nini."

"Kwa majivu."

"Basi nimefanya vizuri."

Mama Gunia akampakulia maharage kwenye sahani ile ile safi, na kidole gumba kikaingia mpaka kwenye mchuzi. Nilikiona, na Msusi alikiona. Alikula upande wa pili wa sahani. Alipomaliza, aliifunga tena kwenye kitambaa, akaaga.

Ndivyo ilivyokuwa, Jumapili baada ya Jumapili. Anayedhani nitasema walianza kupendana aweke maandishi haya chini akasikilize vipaza sauti. Waligombana. Waligombania chumvi, waligombania dirisha lifunguliwe au lifungwe. Msusi alisema mkaa unamkereketa koo. Mama Gunia akamwambia kuna watu huko mjini wana koo laini wanaokula hewa. Msusi alimwambia nywele zake zimekaa kama fagio la choo na akajitolea kuzisuka, si kwa wema, ila kwa sababu hawezi kuvumilia kula akizitazama.

"Ukinigusa kichwa," akasema Mama Gunia, "nitakugusa na mimi, na weusi wa mikono yangu hautoki."

Msusi aliponisalimia, "Shikamoo, shemeji," nilimwambia aniite mzee kama watu wengine wanavyoniita.

Kisha Jumapili moja hakuja. Nilifurahi, na sikuficha. Nikamwambia Mama Gunia kwamba sasa mambo yamejimaliza yenyewe, mgeni amekimbia, hakuna wa kumlaumu. Alikuwa ameshavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Unapajua ninapokwenda. Asipoonekana anatafutwa."

"Na macho hayo, uvuke daraja peke yako?"

"Basi nisindikize."

"Sivuki daraja lile."

"Basi acha kuniuliza maswali, nichelewe."

Alikwenda peke yake, akipapasa kingo za daraja. Alirudi jioni. Niliambiwa baadaye na majirani wa kule kwamba alimkuta Msusi ana homa, amelala sakafuni, na kwamba alimkokea moto, akampikia uji, akamwosha. Walisema kuta za kile chumba, zilizokuwa nyeupe, zilibaki na viganja vyeusi kutoka mlangoni hadi kitandani, pale alipopapasa akitafuta njia. Chumba hicho ndicho kaka yangu alichofia. Sanduku lake la vifaa lilikuwa bado chini ya dirisha.

Mimi hakuniambia lolote. Nilipouliza, alisema, "Ana nyumba chafu."

"Yule? Anafuta hata vumbi la jirani."

"Nimesema ni chafu."

Baada ya ugonjwa ule, Msusi alirudi mezani amekonda, na sahani yake. Mama Gunia, akiwa anafuta meza kwa kitambaa kilichoichafua zaidi, akauliza jambo ambalo nilijua lilikuwa limemkaa kooni tangu makaburini.

"Aliniulizia?"

Msusi akaweka kijiko chini. "Nikikwambia ndiyo, utanipenda?"

"Hapana."

"Nikikwambia hapana, utanifukuza?"

"Siwezi kukufukuza. Mwaka haujaisha."

"Basi nisikilize. Hakukuulizia wewe. Aliuliza kama bado unauza mkaa palepale. Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua, nilikuwa napita hapa kila nikienda soko. Akasema nitume mtu aangalie. Nikamwambia nimetuma. Sikutuma. Niliogopa ukija atakwenda na wewe, hata kama ni maiti."

Mimi nilisimama. Sitaandika nilichosema. Mama Gunia akaniambia, "Kaa, shemeji, hii si meza yako," nami nikatoka nje, nikakaa juu ya gunia. Kupitia mlango nikasikia sufuria ikikwanguliwa.

"Yamebaki kidogo," sauti ya Mama Gunia ikasema. "Leta sahani."

Mwaka ulipoisha, mchungaji alitangaza ubatizo wa watu wa hema. Wengi wao walikuwa wameshapotea. Sikuona ajabu, maana hakuna aliyekuwa na kazi ya kujua wamepotelea wapi. Mchungaji alitaka kuwaingiza majini wote waliobaki bila swali, lakini alimwogopa kidogo Mama Gunia, nasi wazee wachache tulisimama nyuma yake. Alikubali kumuuliza yeye, kwa mara ya mwisho, alisema, kwa ajili ya amani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Asubuhi nilimpitia. Nilimwambia, "Leo una haki ya kusema hapana. Umesikia kwa mdomo wake mwenyewe. Sema hapana, na desturi itakuwa imesimama, na huyo atakuwa nje. Vyote viwili utavipata."

Alikuwa anakunja gunia lake. "Swali linasemaje, shemeji?"

"Unalijua."

"Wewe ndiye msomaji. Nisomee."

Akapita mbele yangu bila kungoja nisome.

Kisima cha ubatizo kilikuwa nyuma ya kanisa, cha matofali, maji yake baridi kama moyo wa karani. Waumini walikizunguka. Msusi alisimama kwenye ngazi, amevaa nguo nyeupe aliyoishona mwenyewe, isiyo na hata mkunjo. Safari hii mchungaji, bila kuambiwa, alimgeuza awatazame watu. Nampa haki yake kwa hilo.

"Mama," akasema, "mmekula pamoja?"

Nilimtazama Mama Gunia, yeye alikuwa anatazama pasipo na mtu. Nilitaka aseme hapana. Mpaka leo sijui kama watu wengine pale walijua ni kitu gani kilichokuwa kinapimwa. Walidhani mama amesahau maneno.

"Tumekula," akasema.

Mchungaji alifurahi kupita kiasi. Akainua mkono kwa watu. "Na mmesameheana, mama, si ndiyo? Tunaona upendo, ndugu zangu, tunaona—"

"Hilo sijaulizwa," akasema Mama Gunia.

"Lakini mama, kanisa ni upendo."

"Wewe mwingize majini, mchungaji. Mtu anapigwa na baridi."

Wengine walicheka, wengine walikasirika. Mchungaji alimbatiza. Kwa desturi yetu mwenye nyumba ndiye anayempokea mtu wake akitoka majini, akimfunga shuka kavu. Mama Gunia alikuwa ameleta shuka jeupe, na alikuwa ameosha mikono kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Nilikuwa nimeiona asubuhi. Haikusaidia. Alipomfunga lile shuka mabegani, vidole vyake vyote vilibaki pale, vyeusi, kana kwamba ameshikwa na mtu anayezama.

Msusi alijitazama begani. "Umenichafua."

"Ulidhani umekuja kwa dobi?"

Huo ndio ulikuwa ubatizo wa mwisho wenye swali. Mwezi uliofuata mabenchi yaliuzwa na viti vya plastiki vikaletwa, na Mama Gunia alipoweka gunia lake kwenye kiti kimoja, kijana mwenye beji alimwambia kwamba mizigo haikai kwenye viti. Alisimama ibada nzima. Mchungaji akatangaza kwamba tunakua.

Mimi nilikwenda kula kwa shemeji kama kawaida, nikiwa na furaha moja tu, kwamba mwaka ulikuwa umekwisha na meza ingekuwa yetu tena. Hatujakaa sawasawa, hodi ikapigwa. Msusi akaingia. Hakuwa na mkoba, hakuwa na sahani, mikono mitupu.

"Mwaka umekwisha," akasema Mama Gunia.

"Najua."

"Basi umefuata nini?"

"Nimekuja na njaa."

Mama Gunia alinyoosha mkono rafuni, akapapasa, akatoa sahani yake mwenyewe, ile ya kuoshwa kwa majivu, akaiweka mezani. Msusi akavuta kiti.

"Si hicho," Mama Gunia akasema. "Hicho mguu mbovu, kitakutupa. Hicho atakikalia shemeji."

Nikainuka kwenye kiti changu kizuri, nikampisha, nikakaa.